Tarehe 17 januari

Katika kalenda ya inchi yetu 17 januari ni siku ya Lumumba. Kazi inasimama. Siku hiyo, mwaka 1961, yeye na Maurice Mpolo na Joseph Okito walipelekwa kwa ndege mpaka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakauawa usiku ule ule. Kifo kilitangazwa tarehe 13 februari tu. Mwili haukurudi. Kilichorudi ni jino moja, kutoka Ubelgiji, mwaka 2022.

Lakini sisi tuliokuwa Goma tuko na 17 januari ingine. Mwaka 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni asubuhi. Moto ukaingia mjini, ukakata maduka ya katikati, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukashuka mpaka ziwani. Watu zaidi ya laki tatu walikimbia. Wengi tulivuka Gisenyi, mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Na jambo ambalo wageni hawakulielewa: siku chache tu tukaanza kurudi, mawe yangali moto chini ya viatu. Tulirudi juu ya parseli. Mipaka ilikuwa chini ya jiwe, na kama mwenyewe hayupo, nani atasema kiwanja chake kilianzia wapi?

Mawe yale tuliyavunja kwa nyundo, tukajengea kuta. Mpaka leo, kwenye mkutano wetu wa januari, mzee anaanza na Lumumba, anamalizia na volkano.