Zero Haikuwa Nyeupe

Kwa miaka mingi maboksi ya ndege za mfano yalituonyesha Zero, ndege ya kivita ya Japani ya Vita Kuu ya Pili, ikiwa nyeupe, au ya kijivu kilichokaribia weupe, nasi tukaipaka hivyohivyo bila kuuliza. Naandika kuipinga rangi hiyo. Mchana nachanganya rangi za magari hapa Mombasa, usiku naunda ndege ndogo za plastiki, na kwangu mimi hili ni suala la fundi wa rangi kabla halijawa la mwanahistoria.

Yasiyo na ubishi ni haya. Zero, yaani Mitsubishi A6M, ilibuniwa na Jiro Horikoshi na wenzake, ikaruka mara ya kwanza Aprili 1, 1939. Jeshi la majini la Japani liliipokea rasmi mwaka 1940, ambao kwa kalenda ya kifalme ulikuwa mwaka wa 2600. Sifuri ya mwisho ndiyo iliyoipa ndege jina. Zero za mwanzo zilipakwa rangi moja mwili mzima, juu na chini, isipokuwa kifuniko cha injini kilichokuwa cheusi chenye ubuluu kwa mbali. Kijani kizito cha mgongoni, kinachojulikana sana kwa picha za mwisho wa vita, kilianza kupakwa viwandani katikati ya 1943. Hiki hakinisumbui. Kinachonisumbua ni ile rangi moja ya mwanzo.

Ndege niliyonayo mezani ni Zero ya Shokaku, meli ya Japani ya kubebea ndege, kwa kipimo cha 1/48, na nimeichagua kwa sababu ya historia ya mji wangu. Aprili 5, 1942, meli za Admeri Chuichi Nagumo, Shokaku ikiwamo, zilirusha ndege zake kuishambulia Colombo. Siku ileile Waingereza walipoteza manowari mbili, Cornwall na Dorsetshire, na siku nne baadaye wakapoteza Hermes, meli ya kubebea ndege. Baada ya hapo Admeri James Somerville aliziondoa manowari zake nzito na kuzileta Kilindini, hapa Mombasa. Wasikilizaji wa simu za siri za Wajapani nao walihamishwa kutoka Colombo, wakafanya kazi katika jengo la shule ya Allidina Visram. Shule hiyo naipita kila ninapokwenda mjini. Ndege iliyoufanya Mombasa uwe bandari ya vita kwa kiwango kile inastahili kupakwa rangi yake ya haki.

Picha za wakati ule ni za rangi mbili, nyeusi na nyeupe, na jua la baharini huufanya mwili wa ndege ung'ae. Hapo ndipo macho yanapodanganyika. Lakini zipo picha zilizopigwa juu ya sitaha ya Shokaku alfajiri ya Desemba 7, 1941, ndege zikipasha injini moto kabla ya kwenda Pearl Harbor. Kila Zero ya Shokaku ilizungushiwa mstari mmoja mweupe nyuma ya mwili, alama ya meli yake. Utazame mstari, kisha utazame mwili unaouzunguka. Mstari unajitenga waziwazi. Kama ndege ingekuwa nyeupe, au karibu na nyeupe, alama hiyo isingemsaidia rubani yeyote kumtambua mwenzake angani.

Ushahidi wa pili ni mabaki yenyewe, na huu ndio uliopotosha watu wengi. Zero maarufu kuliko zote zilizoangukia mikononi mwa Wamarekani ni ile ya Tadayoshi Koga, iliyopinduka kwenye tope la kisiwa cha Akutan, Alaska, Juni 4, 1942. Ilipelekwa San Diego, ikatengenezwa, ikapakwa nyota za Marekani, ikarushwa kwa majaribio, na mwaka 1945 ikaharibiwa ardhini na ndege nyingine. Kwa hiyo ngozi yake ya asili haipo. Tulichobaki nacho ni vipande vilivyookotwa Pearl Harbor na kwingineko, na vingi ukivitazama vinaonekana kijivu cheupe kabisa.

Anayefanya kazi yangu hashangai. Mteja huja na kifuniko cha tangi la petroli akitaka rangi ilingane nacho, nami humwambia afungue buti aniletee rangi ya ndani, isiyoliwa na jua. Rangi ikikaa juani gundi yake hufa kwanza, na unga wa rangi ulioachwa peke yake juu hupauka, ukawa kama umepakwa majivu. Ukiupangusa kwa kompaundi, rangi ya kweli inarudi. Watafiti waliovisugua vipande vya Zero taratibu walikuta jambo hilohilo: chini ya ule ukungu mweupe kuna kijivu chenye ukijani, na ndani ya ukijani huo kuna umanjano wa hudhurungi.

Karatasi za Wajapani wenyewe zinaelekea hukohuko. Mapema 1942 idara ya ufundi wa ndege huko Yokosuka iliandika ripoti ya majaribio ya rangi za kujificha. Humo rangi iliyokuwa ikitumika kwenye Zero imetajwa kuwa J3, kijivu cha orodha rasmi ya jeshi, iliyoelekea kidogo kwenye ameiro, rangi ya peremende ya Kijapani iliyochemshwa ikawa kahawia nyepesi. Wako waliolishika hilo neno moja wakaipaka ndege nzima kahawia kama asali. Huko ni kuvuka mpaka. Ripoti inasema "kidogo", na vipande vinasema "kidogo".

Kwa mchanganyaji, "kidogo" ni kipimo cha kazi. Nyeupe na nyeusi zikikupa kijivu, ongeza manjano ya udongo tone kwa tone, na ukijani utajitokeza bila kutia kijani chochote, kwa sababu nyeusi na manjano zikikutana huzaa rangi ya zeituni. Mimi huanza na XF-76 ya Tamiya, kijivu-kijani kilichotengenezwa kwa ajili ya ndege hizi, natia tone la manjano hiyo, kisha nyeupe kiasi, maana kitu kidogo hutuonyesha rangi nzito kuliko kitu kikubwa kinachotazamwa kwa mbali. XF-12, kijivu chao cha zamani, nimekiacha. Ulinganisho naufanya nje, asubuhi. Chini ya taa ya chumbani rangi mbili zinaweza kuwa pacha, ukizitoa juani zikakataana.

Limebaki suala la vipande vinavyosogea vya mabawa madogo ya mkiani, pamoja na usukani wake. Sehemu hizo zilivikwa kitambaa badala ya bati, na katika picha nyingi hazilingani na mwili. Rangi iliyokaa juu ya kitambaa haikuzeeka sawa na iliyokaa juu ya bati. Nimezipa kijivu kisicho na manjano, cheupe zaidi kwa kiasi ambacho mtu atakiona akiambiwa. Wapo wanaoipaka Zero rangi moja toka pua hadi mkia na kuiita sahihi. Mimi nikiwa na picha hizo mbele yangu siwezi.