Ali (watu mashuhuri)

Ali ni jina la kiume lililoenea tangu mwambao wa Afrika Mashariki hata miji na vijiji vya bara kama Iguguno, Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, nalo hupewa watoto kwa taadhima ya Ali bin Abi Talib, khalifa wa nne wa Waislamu, aliyeuawa Kufa mwaka 661. Miongoni mwa waliolichukua kwa sifa ni hawa:

Ali bin Said, Sultani wa Unguja (1890–1893), ambaye zama zake dola iliingia chini ya himaya ya Waingereza, naye kwa amri ya tarehe 1 Agosti 1890 akaharimisha kuuza na kununua watumwa.

Ali bin Hamud, Sultani wa Unguja (1902–1911), aliyesomeshwa Harrow, Uingereza, akajiuzulu, akafariki Paris mwaka 1918.

Ali Hassan Mwinyi (1925–2024), Rais wa Tanzania (1985–1995), aliyefungua milango ya biashara baada ya miaka ya dhiki, sukari na sabuni zilipokuwa adimu, hata raia wakamwita kwa mahaba Mzee Rukhsa.

Ali Mazrui (1933–2014), mwanachuoni mzaliwa wa Mombasa, aliyeifasiri Afrika mbele ya walimwengu kwa elimu na ufasaha unaostahili kuenziwa.