Pensheni na Bima ya Afya ya Wazee wa Marekani

Wazee wa Marekani hutegemea mipango miwili ya serikali kuu: Social Security, mfuko wa hifadhi ya jamii unaolipa pensheni kila mwezi, na Medicare, bima ya afya ya waliotimiza miaka 65. Mpango wa pili ulikuja miaka 30 baada ya wa kwanza, lakini msingi wake ni uleule: mtu huchangia angali na nguvu za kufanya kazi, ili uzeeni apokee haki yake badala ya kungoja sadaka.

Kabla ya mipango hiyo pensheni ya serikali ilikuwa ya wachache. Sheria ya 1862 iliwalipa askari waliolemaa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, pamoja na wajane wa waliouawa. Raia wa kawaida alitunzwa na wanawe, na asiye na wa kumtunza aliishia katika nyumba za maskini zilizoendeshwa na serikali za mitaa. Mdororo Mkuu wa uchumi ulioanza 1929 uliuvunja utaratibu huo. Benki zilifilisika na akiba za watu zikapotea, viwanda vikafungwa, na watoto waliotegemewa wakajikuta nao hawana kazi.

Wazee hawakukaa kimya. Kuanzia 1933 Francis Townsend, daktari wa Long Beach, California, alieneza mpango wa kumlipa kila mwenye umri wa miaka 60 na zaidi dola 200 kwa mwezi, kwa sharti la kuacha kazi na kuzitumia fedha zote ndani ya siku 30. Vilabu vya wafuasi wake vikaenea nchi nzima. Rais Franklin Roosevelt hakuukubali mpango huo, ila alitambua kwamba jambo lenyewe halingeweza kusubiri. Mwaka 1934 aliunda kamati iliyoongozwa na Waziri wa Kazi, Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi hiyo. Kazi ya kamati hiyo ndiyo iliyozaa Sheria ya Hifadhi ya Jamii, iliyotiwa saini tarehe 14 Agosti 1935.

Makato yalianza Januari 1937: asilimia 1 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 1 kutoka kwa mwajiri, kwa dola 3,000 za kwanza za mshahara wa mwaka. Roosevelt aliyataka makato hayo makusudi, kwani aliamini kuwa haki ambayo wananchi wameilipia wenyewe itakuwa ngumu kwa wanasiasa kuifuta. Hata hivyo sheria ilikuwa na dosari kubwa. Iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na hivyo kuwanyima kinga Wamarekani Weusi wengi. Marekebisho ya 1950 na 1954 ndiyo yaliyoanza kuwaingiza.

Mnamo 1939 wake, wajane na watoto wadogo wa wachangiaji waliongezwa. Hundi ya kwanza ya kila mwezi, namba 00-000-001, ilitolewa tarehe 31 Januari 1940 kwa Ida May Fuller wa Ludlow, Vermont, aliyekuwa karani katika ofisi ya wanasheria. Ilikuwa ya dola 22.54, na makato yake yote ya awali hayakuzidi dola 24.75. Fuller aliishi hadi miaka 100, akafariki 1975 akiwa amepokea zaidi ya dola 22,000. Hesabu hiyo inaonyesha jinsi mfuko unavyofanya kazi: wanaofanya kazi leo ndio wanaowalipa wazee wa leo, nao watalipwa na watakaowafuata.

Bima ya afya ilichelewa kwa sababu ya upinzani. Rais Harry Truman alipendekeza bima ya taifa zima mwaka 1945, lakini Chama cha Madaktari cha Marekani kiliipinga vikali kwa madai kwamba ni ujamaa. Watetezi wakapunguza lengo, wakawapigania wazee peke yao. Karibu nusu ya wazee hawakuwa na bima ya hospitali, kwa kuwa kampuni binafsi ziliwaona kuwa ni wateja wa hasara. Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya Medicare tarehe 30 Julai 1965 mjini Independence, Missouri, mbele ya Truman mwenyewe, ambaye alipewa kadi ya kwanza.

Sehemu A ya Medicare ililipia hospitali, na Sehemu B madaktari, kwa ada ya dola 3 kwa mwezi. Sheria hiyohiyo ilianzisha Medicaid kwa ajili ya maskini. Malipo yalipoanza Julai 1966, hospitali iliyotaka fedha za Medicare ilipaswa kwanza kuacha kuwabagua wagonjwa kwa rangi. Hospitali nyingi za majimbo ya Kusini zikafuta wodi za Weusi na za Weupe, jambo lililokuwa limeshindikana kwa miaka mingi.

Mwaka 1972 walemavu na wagonjwa wa figo waliingizwa katika Medicare. Mwaka 1983, mfuko wa pensheni ulipokaribia kukauka, ilipitishwa sheria ya kuupandisha taratibu umri wa kupata pensheni kamili, na sasa ni miaka 67 kwa waliozaliwa 1960 na baadaye. Bima ya dawa, Sehemu D, ilianza 2006.

Leo mfanyakazi hukatwa asilimia 6.2 kwa pensheni na asilimia 1.45 kwa Medicare, na mwajiri hutoa kiasi hichohicho. Kwa kawaida miaka 10 ya kuchangia hutosha kumpa mtu haki ya pensheni. Anaweza kuidai tangu miaka 62 kwa kiwango kilichopunguzwa, au kusubiri hadi 70 ili iongezeke. Kujiandikisha Medicare kuna muda wa miezi saba, kuanzia miezi mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza miaka 65, na anayechelewa bila kuwa na bima ya kazini huweza kutozwa ada ya ziada maisha yake yote. Mhamiaji kutoka Afrika Mashariki aliyepata uraia wa Marekani anaweza kupokea pensheni hata akirudi kuzeekea kwao, lakini Medicare, isipokuwa katika hali chache, hailipii matibabu ya nje ya Marekani.