Kinywa Kiliiga Mashine, Sasa Mashine Inasoma Kinywa

Leo naleta historia ya kitu ambacho vijana wengi hapa Sherikat wanakifanya bila hata kukipa jina: kupiga ngoma kwa mdomo. Pu, ts, ka, ts. Dunia inaita bitiboksi. Siku hizi silabi kama hizo unaweza kuziandika kwenye kompyuta na muziki ukasikika papo hapo, wakati bado unaandika.

Jina lenyewe linachekesha kidogo. Mwanzoni bitiboksi haikuwa mtu, ilikuwa mashine, sanduku la kutoa midundo. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine inaitwa TR-808, bei yake karibu dola 1,200. Nyingine ya mwaka huo huo, Linn LM-1, ilikaribia dola 5,000. Sasa kijana wa mtaani New York angezitoa wapi hizo pesa? Akatumia mdomo. Doug E. Fresh, mzaliwa wa Barbados aliyekulia Harlem, na Darren Robinson wa kundi la Fat Boys kutoka Brooklyn, waliiga mashine kwa midomo, ulimi na pumzi, na katikati ya miaka ya 1980 sauti zao zilikuwa kwenye sahani za santuri. Kwa hiyo mtu akiniambia bitiboksi ni mchezo wa kupoteza muda, mimi sikubali. Ilikuwa ni studio ya asiyekuwa na studio.

Lakini New York siyo mwanzo wa mdomo kubeba ngoma. Hapo jirani tu, Buganda, kila ukoo una mubala wake, yaani maneno yanayokwenda pamoja na mdundo wa ngoma ya ukoo. Ukisikia ngoma unajua maneno, na ukiyajua maneno mkono unajua pa kupiga. Wahindi nao wana tabla: mwanafunzi anasema kwanza dha, tin, ta kwa mdomo ndipo agusa ngoma.

Na ni kwa njia ya hiyo tabla ndiyo kompyuta iliingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Bernard Bel, pamoja na mtafiti Jim Kippen aliyekuwa anasoma tabla ya Lucknow, alitengeneza programu ya Bol Processor. "Bol" ni zile silabi za ngoma. Unaandika silabi, kompyuta inazipanga kwa kanuni. Miaka mingi baadaye Mwingereza Alex McLean akachukua mawazo hapo alipounda TidalCycles. Tayari mwaka 2004, mjini Hamburg, wasanii wa aina yake walikuwa wameanzisha umoja wa TOPLAP, na msimamo wao mmoja naupenda sana: anayepiga muziki kwa msimbo aonyeshe skrini yake, watu wote waone anachoandika. (Wengine wanasema "kodi" badala ya msimbo, lakini hapa ukitaja kodi watu wanamfikiria mwenye nyumba.)

Inavyofanya kazi ni hivi. Unaandika "bd hh sd hh". Hiyo bd ni besi, pu yetu. hh ni matoazi, ts. sd ni ile ngoma kavu, ka. Ni mdomo ule ule, umeandikwa tu. Maneno yakiwa manne, mzunguko unagawanywa mara nne sawasawa. Ukiongeza la tano, muda haurefuki, kila moja linapata nafasi ndogo zaidi. Ukiandika bd(3,8), besi tatu zinajipanga ndani ya nafasi nane: PU-u-u-PU-u-u-PU-u. Mwaka 2005 Godfried Toussaint alionyesha kwamba hesabu ya zamani sana ya Euclid ndiyo inayozaa midundo mingi ya jadi kama huo. Wacuba wanauita tresillo, na ulivuka bahari pamoja na watu waliotekwa Afrika. Wakongomani mlio humu, mnaujua mdundo huo hata kama hamjui jina.

Kuhusu vifaa, ndugu zetu wa mashirika wasome hapa polepole, maana kila mradi wa muziki unaanza na orodha ndefu ya kununua. Sonic Pi, ya Sam Aaron wa Cambridge, ilitoka 2012 kwa ajili ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyouzwa dola 35, na inafanya kazi bila intaneti. Strudel, mdogo wake Tidal, ilianza 2022 na inafunguka kwenye kivinjari, hata cha simu, ingawa kuandika kwa simu kunachosha vidole. Zote ni bure.

Shida ninayoiona ni nyingine. Miongoni mwa besi utakazozikuta humo ni za 808 ile ile. Ukitumia hizo tu, mdundo ni wako lakini sauti ni ya sanduku la 1980. Tena kompyuta inapiga sawa mno, haivuti pumzi kama mtu. Dawa ipo: rekodi mdomo wako kwa simu, mahali pasipo na jenereta, kata pu peke yake, ts peke yake, ka peke yake, uzihifadhi kama faili. Sonic Pi ukiielekeza faili lilipo inalipiga. Anza na pu, mara tatu ndani ya nane.