Talaka, Mtoto na Msemaji katika Uzaramo

Visiga, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, imo katika nchi ya Wazaramo. Zamani ndoa katika nchi hiyo haikuwa mapatano ya watu wawili tu. Ilikuwa jambo la koo mbili, na ilipovunjika koo hizo ndizo zilizokaa kuamua. Mtu alihesabiwa katika ukoo wa mama yake, na neno la mjomba lilikuwa zito. Uislamu ulipoenea ulileta kanuni nyingine: talaka mkononi mwa mume, malezi ya mtoto mchanga kwa mama, na nasaba kwa baba. Basi mtoto mmoja aliweza kudaiwa kwa hoja mbili, na kila hoja ilikuwa na wazee wake. Wakili hakuwako, wasemaji walikuwa mjomba, mshenga na shehe.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikusanya ndoa za dini, za mila na za serikali chini ya paa moja. Wazee haikuwafukuza, bali iliwapa kiti. Isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, hapana shauri la talaka lisilopitia kwanza baraza la usuluhishi, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Baraza likishindwa kupatanisha hutoa hati, ndipo mlango wa mahakama hufunguka. Kuhusu mtoto, sheria ilitanguliza manufaa yake mwenyewe. Aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa afadhali akae na mama, ila dhana hiyo yaweza kupingwa.

Mali ilibaki na utata. Je, aliyepika, akafua na kulea alichuma kitu? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwa kauli ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilijibu kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ajabu ni kwamba mwanamke aliyeleta shauri hilo hakupata kitu, maana mahakama iliona kuwa fungu lake alikwisha kulipokea na kulitapanya. Yeye alitoka mikono mitupu. Wenziwe walirithi kanuni.

Hata hivyo kanuni haijisemei. Katika mahakama ya mwanzo mawakili walikatazwa kusimama kwa miaka mingi, na mwenye shauri alijitetea bila wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, wamfikie asiye na ada ya wakili. Kazi ya msemaji mwema huanza kabla ya siku ya hukumu: kuhakikisha hati ya baraza ipo, kukusanya ushahidi wa jasho la kila mmoja, na kumkumbusha mzazi mwenye hasira kwamba mtoto si fungu la mali. Mjomba wa kale alisemea ukoo. Wakili husemea mteja wake. Mtoto hana budi kusemewa na wote wawili.