Utepe wa LED katika mabehewa ya treni za mfano

Utepe wa LED ni ukanda mwembamba wenye vitaa vilivyopangwa mstari mmoja, ambao wapenzi wa treni za mfano huubandika ndani ya paa la behewa la abiria badala ya balbu. Kwa miongo mingi balbu ndiyo iliyotumika, katika treni za Lionel za Marekani na za Märklin za Ujerumani vilevile. Balbu moja ya aina hiyo kwa kawaida huvuta miliampea 50 hadi 100, na sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto. Treni ikisimama stesheni muda mrefu taa zikiwaka, paa la plastiki hulainika na hata kupinda. LED nyeupe ziliingia sokoni mwaka 1996 kupitia kampuni ya Nichia ya Japani, ambako Shuji Nakamura alikuwa ametengeneza LED ya buluu yenye mwanga mkali.

Utepe unaotumika zaidi ni wa volti 12. Vitaa vitatu na rezista moja huunda kundi, na mkasi hupita baina ya makundi, palipochorwa mstari kati ya vidoa vya shaba. Utepe wenye vitaa 60 kwa mita hukatika kila sentimita 5, hivyo behewa refu la kipimo cha HO (1:87), lenye sentimita 30 hivi, huchukua makundi matano.

Umeme hutoka relini kupitia magurudumu ya chuma. LED huupitisha upande mmoja tu, ilhali chanya na hasi hubadilishana kila treni inaporudi nyuma, na katika mfumo wa kidijitali wa DCC hubadilishana maelfu ya mara kwa sekunde. Ndiyo maana daraja la daiodi nne hutangulia utepe. Wenye treni za mkondo geu wawe waangalifu zaidi: volti 18 za transfoma, zikishapita darajani na kujaza kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi), hufika takriban 24. Utepe ukiunganishwa hapo bila kidhibiti huungua, na kapasita iwe ya volti 35.

Kinachosumbua kuliko yote ni kupepesa. Waya wa balbu huchukua muda kupoa, kwa hiyo vumbi la relini halikuonekana sana. LED huzimika papo hapo gurudumu linapokosa mguso. Dawa yake ni kapasita ya mikrofaradi 470 au zaidi, iliyotanguliwa na rezista ya omu 100. Rezista hiyo isiachwe. Kapasita tupu hunywa umeme kwa pupa, na mabehewa kumi yakiwashwa kwa pamoja kituo cha DCC hudhani kuna shoti na kujizima. Daiodi moja sambamba na rezista huiruhusu kapasita kutoa umeme wake bila kizuizi.

Wengi huacha utepe uwake kwa nguvu zote, na hapo ndipo kazi nzuri huharibika. Makundi matano yakiwaka kikamilifu huvuta miliampea 100 hivi, sawa na balbu iliyoondolewa, na behewa hung'aa kama duka la simu. Rezista ya kiloomu 1 kabla ya utepe hushusha mkondo hadi miliampea 5 au pungufu. Mwanga bado hutosha kuwaonyesha abiria vitini, na kapasita ileile sasa huushikilia kwa karibu nusu sekunde.

Rangi nayo ina uzito wake. Mabehewa ya miaka ya 1930 hutaka mwanga wa manjano wa kelvini 2700 hadi 3000. Weupe baridi unafaa yale yaliyokuwa na taa za mirija. Paa jembamba hupakwa rangi nyeusi kwa ndani, kisha nyeupe, ili mwanga usipenye plastiki. Kapasita, ambayo ni nene kuliko kifaa kingine chochote humo, hufichwa chooni mwa behewa, ambako kioo cha dirisha hakionyeshi ndani.