Chalino Sánchez na Utanzu wa Korido

Korido ni utungo simulizi uimbwao nchini Meksiko, ambao hutaja watu, mahali na matukio bayana. Chalino Sánchez, aliyezaliwa Sinaloa mwaka 1960, aliuingia utanzu huu kwa njia ya msiba: mwaka 1984 nduguye aliuawa Tijuana, naye akamtungia korido. Baadaye, akiwa mhamiaji California, alitunga kwa kuagizwa; mteja alileta habari za jamaa yake, naye akazitia katika beti. Kanda zake ziliuzwa magulioni.

Sauti yake haikuwa na mafunzo. Mhakiki anayeishia hapo, hata hivyo, atakuwa ameikosa dhima ya tungo hizi. Walioziagiza hawakutaka sauti nyororo bali kumbukumbu: jina la mtu asiye na mwanahistoria lihifadhiwe.

Mei 1992 Chalino aliuawa baada ya tamasha mjini Culiacán, na msimuliaji akageuka msimuliwa. Waigaji wengi waliomfuata walirithi sauti yake na bastola kiunoni. Urithi wake mkubwa, kwa maoni yetu, ni yale majina.